Kukifaidi kipupwe ukiwa nyumbani: mwongozo kamili kwa mkazi wa Tabora

Kwa mtu wa Njombe au Makete, baridi ya Tabora ni jambo dogo. Alfajiri za Juni na Julai hushuka hadi nyuzi 15 hivi za Selsiasi, na siku chache hushuka chini ya hapo kidogo. Lakini nyumba zetu nyingi zilijengwa bila kufikiria baridi: madirisha ya nyavu, bati bila dari, sakafu ya saruji tupu. Ukishusha mguu kitandani saa kumi na moja alfajiri, sakafu hiyo inakueleza yote.

Wengi tunakivumilia kipupwe mpaka kiishe, na kwa maoni yangu tunapoteza miezi iliyo mizuri kuliko yote Unyamwezini. Matope hakuna. Mbu wamepungua. Karanga, mahindi na viazi vimeshatoka shambani, asali ya baada ya mvua iko sokoni, na jua la mchana ni la kulifuata, tofauti kabisa na lile la Oktoba tunalolikimbia. Raha zote hizo zipo nyumbani kwako. Ila kila moja ina saa yake, na karibu kila moja huandaliwa mapema: ya asubuhi inaandaliwa jioni, ya usiku inaandaliwa mchana. Mtu anayeanza kutafuta blanketi wakati tayari anatetemeka hawezi kuufurahia msimu huu.

Anza kwa kulijua jua la nyumba yako

Tabora iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Mvua zikikatika Mei, hewa inakauka na mawingu yanaondoka, kwa hiyo joto ambalo ardhi imelikusanya mchana linapotelea angani usiku bila kizuizi. Ndiyo sababu saa saba mchana unavua sweta na alfajiri unatafuta shuka la pili. Wenzetu wa Kigoma wana Ziwa Tanganyika linalotunza joto karibu nao, na usiku wao ni mpole zaidi.

Tuko kusini mwa Ikweta, kama nyuzi tano. Maana yake ni kwamba mwezi Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini wa anga, hata saa sita mchana. Ukuta na kibaraza kinachotazama kaskazini kinapata jua siku nzima. Kilicho kusini kinabaki kivulini na baridi yake. Ikifika Desemba mambo yanageuka. Watu wengi wameishi kwenye nyumba moja miaka mingi bila kulitumia jambo hili.

Chagua siku ambayo hutoki. Tazama jua linapofika saa mbili asubuhi, saa sita, na saa kumi jioni. Weka alama hata kwa kipande cha tofali. Hapo ndipo kiti chako, mkeka wa watoto na kamba ya nguo vitakapohamia mpaka katikati ya Agosti. Gusa pia ukuta wa magharibi jua linapozama. Kama ni wa tofali, utakuwa bado na uvuguvugu saa moja usiku, na kigoda kikiwekwa pale, mgongo ukiegemea, ni starehe isiyogharimu hata senti.

Jambo jingine la kupanga nalo siku: hapa jua huchomoza karibu saa moja kamili, nusu saa hivi baada ya Dar es Salaam, kwa kuwa tuko magharibi zaidi na saa zetu ni zilezile. Kama hakuna shule wala kazi inayokudai, hakuna faida ya kutoka nje saa kumi na mbili. Kuota jua kwa maana halisi ni kati ya saa mbili na nusu na saa nne. Kaa ukilipa jua mgongo, uso ukiwa kivulini, na kitu cha kufanya mkononi: kuchambua mchele, kubangua karanga, kusuka ukili, kusoma. Wazee wa nyumbani wapewe nafasi ya kwanza hapo, kwa kuwa viungo vyao ndivyo vinavyoteseka asubuhi.

Jioni: dakika ishirini za maandalizi

Kabla ya kulala, fanya haya. Jaza maji kwenye sufuria la uji na kulifunika, lisubiri jikoni. Pima unga kwenye bakuli. Suuza chupa ya chai kwa maji ya moto, yamwage, ndipo utie chai. Chupa iliyo baridi ndani inaiba joto la chai kabla hujaifunga. Chai ya tangawizi iliyotiwa saa tatu usiku namna hiyo bado inatoa mvuke alfajiri, na unaweza kuinywa kabla hujawasha chochote. Weka sweta, soksi na kandambili mahali ambapo mkono unafika bila kutoka kitandani. Tandika mkeka au kipande cha zulia pale miguu inapotua.

Kama unapenda uji wa kuchachua, koroga unga na maji vuguvugu kwenye chungu au ndoo ndogo, ufunike kwa kitambaa, na uuache karibu na mafiga. Wakati wa joto unachacha kwa siku moja. Kipupwe kinadai mbili, kwa sababu vijidudu vinavyochachua hufanya kazi polepole kwenye ubaridi. Maziwa ya mgando na maandazi ya hamira yana tabia hiyohiyo: kinyunga kiweke juani, kimefunikwa, nacho kitaumuka.

Uji wa asubuhi

Hii ndiyo raha kubwa ya msimu, na mara nyingi inaharibiwa kwa haraka. Kwa watu wanne, chukua kikombe kimoja cha unga wa ulezi na vikombe vitano vya maji. Vikombe vinne viweke motoni. Kimoja kitumie kuuvuruga unga ukiwa baridi, mpaka usibaki hata punje ya donge. Maji yakichemka kabisa, mimina mchanganyiko huo kidogokidogo huku mkono mwingine ukikoroga bila kusimama. Usiache sufuria kwa dakika tano za mwanzo. Ukianza kububujika kwa uzito na kurusha matone, punguza moto na uuache uive dakika kumi na tano. Uji usioiva una ladha ya vumbi la unga kooni. Ulioiva unateleza na rangi yake inakolea.

Sasa karanga. Kaanga konzi mbili kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo, ukizigeuza, mpaka maganda yaanze kupasuka na harufu ijae jikoni. Zipepete, zitwange kwenye kinu kidogo hadi zianze kutoa mafuta na kushikana. Tia vijiko vitatu kwenye uji dakika tano kabla ya kuipua. Utaona mafuta yakipanda juu kwa vijiduara vidogo vya rangi ya dhahabu. Chumvi kidogo sana, ndimu ukipenda. Asali inaingia ukiwa umeshaupakua kwenye kikombe.

Kunywa kwenye kikombe cha bati au kibuyu cha kukumbatia kwa viganja viwili. Mikono inapata joto kabla ya tumbo. Watoto wakinywea kibarazani jua linapoanza kufika, asubuhi nzima inabadilika.

Asali, kwa kuwa tuko Tabora

Hatuna sababu ya kuitafuta mbali. Sikonge, Uyui, Urambo na Kaliua kote kuna wafugaji wanaotundika mizinga kwenye misitu ya miyombo, na mji wetu ndio wenye chuo cha ufugaji nyuki. Nunua kwa mtu anayeweza kukuambia imetoka msitu gani na imerinwa lini.

“Shikamoo mama. Hii ni ya mwaka huu?”

“Marahaba mwanangu. Ya mwaka huu, ya Sikonge. Inuse kwanza.”

Na kweli uinuse. Harufu ya uchachu, au povu juu ya chupa, maana yake ilirinwa kabla haijaiva au imeingiliwa na maji. Asali iliyoiva ina maji chini ya asilimia 20, na ikizidi hapo huchacha. Geuza chupa kichwa chini na utazame kiputo cha hewa: kwenye asali nzito kinapanda taratibu. Rangi isikusumbue, maana asali ya miyombo inaanzia ya dhahabu hadi ya kahawia iliyokolea kutegemea maua. Vipimo vya kuichoma kwa kiberiti au kuimwaga mchangani havithibitishi lolote.

Wakati wa kipupwe asali nyingi huganda na kuwa na chenga. Watu huitupa au kumgombeza muuzaji kwamba ametia sukari. Hiyo ni sukari ya asili ya asali yenyewe inayojitenga kwa ubaridi. Weka chupa ndani ya maji ya moto ambayo mkono wako unaweza kuyavumilia, kama nyuzi 40, kwa nusu saa; badilisha maji yakipoa. Usiichemshe, itapoteza harufu. Binafsi, ile iliyoganda naipenda ilivyo, ikipakwa kwenye kiazi kitamu kilichotoka motoni. Inayeyuka na kushuka kwenye nyufa za kiazi, na sehemu yenye chenga inabaki juu kidogo kabla ya kulainika mdomoni.

Onyo moja lisilo na mjadala: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulamba. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvizuia, na ugonjwa wake unalegeza misuli hadi ya kupumulia.

Mchana ni wa kazi ya usiku

Kuanzia saa nne, toa mablanketi, mito na godoro. Yaweke upande wa kaskazini, mbali na njia ya vumbi. Yageuze saa saba. Halafu, na hapa ndipo penye siri, yaingize ndani saa tisa na nusu, kabla jua halijapungua nguvu. Yakunje yakiwa bado ya moto, uyabebanishe juu ya kitanda na kufunika kwa shuka nene. Ukija kuyafunua saa tatu usiku, ya katikati bado yana uvuguvugu na ile harufu kavu ya jua kwenye pamba. Ukiyaacha nje hadi magharibi, umefanya kazi bure. Yamekwisha kunywa baridi.

Maji ya kuoga nayo ni hivyohivyo. Sufuria kubwa lililo jeusi kwa masizi, lililofunikwa vizuri na kuwekwa juani tangu saa tatu, litakuwa na maji vuguvugu saa tisa. Oga saa kumi, jua likiwepo. Ukiahirisha mpaka usiku utatumia mkaa mwingi na bado utatoka bafuni ukitetemeka.

Ukishajifuta kidogo, paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Hewa kavu ya msimu huu inapasua midomo na visigino, na mafuta yanayopakwa kwenye ngozi kavu kabisa hayana maji ya kuyafungia ndani. Mafuta ya nazi yataganda chupani kila asubuhi, kwa kuwa huganda chini ya nyuzi 24. Yaweke dirishani penye jua. Kwa magaga, loweka miguu kwenye beseni la maji ya moto dakika kumi na tano, sugua kwa jiwe taratibu, paka mafuta mengi, vaa soksi, lala nazo. Ukifanya hivyo usiku kadhaa mfululizo utaona tofauti. Na ukimfanyia bibi au mama yako, huku mnaongea, ni zawadi atakayoikumbuka.

Juu ya vumbi nina neno moja tu: nyunyiza maji kabla ya kufagia.

Na sasa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, kukatwa na kukaushwa juani. Hakuna miezi mizuri ya kuyatengeneza kuliko hii, kwa sababu hewa kavu na upepo hufanya nusu ya kazi. Chagua viazi vitamu vya ukubwa wa wastani, visivyo na matobo ya fukusi. Vioshe, vichemshe na maganda mpaka uma au kijiti kiingie kwa shida kidogo. Vikiiva kupita kiasi vitabomoka ukivikata. Vimenye vikipoa, vikate vipande vya unene wa kidole kidogo, uvitandaze kwenye chekecheke au ungo bila kupandana. Funika kwa kipande cha chandarua kikuukuu kuzuia nzi. Viingize ndani kila jioni. Baada ya siku tatu hadi tano za jua vitakuwa vigumu nje na vyenye kunata kidogo ndani, rangi ikielekea kahawia. Hifadhi kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Unaweza kuyatafuna yalivyo pamoja na chai, au kuyachemsha tena na karanga za kutwanga mpaka mchuzi uwe mzito. Watoto wa shule wakitiwa vipande vitatu mfukoni, hawaulizi habari za biskuti.

Jioni kwenye moto, na hatari yake

Hapa nitasema kwa uzito, maana kila msimu wa baridi nchini husikika msiba wa aina hii. Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala. Lisiingie hata kama mlango umeachwa wazi kidogo, hata kama makaa yameshika majivu na hayatoi moshi. Makaa yanayoungua hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Aliyelala haamki. Anayeota moto akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, atolewe nje mara moja, jiko litolewe pia, na apelekwe hospitali.

Uoteni moto nje, au kwenye jiko la nje lenye paa na pande zilizo wazi. Mkimaliza, zimeni kabisa kwa mchanga au maji. Majani yamekauka na upepo wa usiku hauhitaji cheche nyingi. Watoto wasivae kanga zinazoburuta karibu na makaa.

Kwa masharti hayo, moto wa jioni ni mwalimu wa mazungumzo. Fukia viazi kwenye majivu ya moto, si kwenye makaa yenyewe, na uvigeuze kila baada ya dakika kumi na tano. Vikubwa vinataka kama saa nzima. Choma mahindi ya mwisho kama bado yapo. Menyeni machungwa. Wekeni simu ndani. Mtoto mmoja apewe zamu ya kutega vitendawili, mwingine akatafute bao. Mtu mzima asimulie jambo la kweli la ukoo, kama vile nani alikuja Tabora kwa reli, na alifuata nini. Reli ya Kati ilifika mji huu mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Familia nyingi hapa zina jibu la kutoa, ila watoto hawajawahi kupewa nafasi ya kulisikia.

Kabla ya kuingia ndani, inueni macho. Anga la kipupwe ni safi kuliko la miezi mingine yote. Julai, kati ya saa tatu na saa tano usiku, kundi la nyota lenye umbo la nge liko karibu na utosi, likiwa limeegemea kusini kidogo, na kifuani mwake kuna nyota nyekundu, Antares. Mkanda mweupe wa nyota unapita hapohapo. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri atazame mashariki: kile kishada kidogo ni Kilimia. Wahenga walisema kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kwetu ndivyo ilivyo. Hutoweka machoni mvua zinapoishia, kikarudi Juni ardhi ikiwa kavu.

Kulala

Baridi ya kitandani hutoka chini zaidi kuliko juu. Kabla ya kuongeza blanketi la tatu la kujifunika, weka moja chini ya shuka la kulalia. Kama godoro liko sakafuni, tandaza mkeka na maboksi yaliyokunjuliwa chini yake. Jaza maji ya moto, yasiyochemka, kwenye chupa imara yenye kifuniko kisichovuja, iviringishe kwa kitenge, uiweke upande wa miguuni robo saa kabla ya kupanda. Kofia na soksi hufanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Chandarua kibaki palepale, mbu wachache wanatosha kuleta malaria. Dirisha liachwe na mwanya, hasa chumba kikiwa na watu wengi.

Mgeni anayekuja kwa treni kutoka Dar mara nyingi hana sweta. Mwekee blanketi la ziada bila kumsubiri aombe, na asubuhi mpe maji ya moto ya kunawia uso kabla hujamuuliza habari za safari.

Katikati ya Agosti

Utahisi usiku unaanza kulainika. Fua mablanketi siku yenye upepo, yakauke kabisa, yakunje na majani makavu ya mwarobaini kati ya mikunjo kuzuia wadudu, uyafunge kwenye mfuko na kuyaweka juu ya kabati. Soksi na masweta ya watoto yapime sasa. Yaliyobana mpe jirani mwenye mtoto mdogo, maana Juni ijayo hayatawafaa. Asali iliyobaki ifunge sana isinywe unyevu wa mvua za Novemba, na ukikutana na yule mama wa Sikonge, mwekee oda ya mwakani mapema.